Sikio la Kushoto la Bonareri

Jumapili, 6 Julai 2025

Hii daftari nilinunua ya kazi. Jina la mtu, simu ina shida gani, atachukua lini. Pale kwa kibanda changu Nyamira town watu husahau simu mpaka inakufa mara ya pili. Lakini leo nimeigeuza, naanza kwa nyuma. Hakuna mtu hufungua daftari kwa nyuma.

Bonareri alikatwa Ijumaa. Ile nyama ya sikio la kushoto. Miaka miwili imekuwa hapo — ilianza kama punje ya wimbi, ikawa njugu, ikawa kama pasheni changa imening'inia. Ngumu. Inang'aa. Inawasha mpaka dada yangu anauma mto. Kule anakouza dawa za mifugo watoto walimwita Bonareri wa Simu, kwa sababu mkono ulikuwa sikioni kila saa kama mtu anayeongea na simu.

Daktari Celestine wa Kisii anaiita keloidi. Anasema ni kovu ambalo halijui kusimama. Kidonda kilishapona zamani, lakini ngozi inaendelea kujenga, inajenga tu, kama fundi ambaye hakuna mtu amemwambia nyumba imeisha. Akakata, akadunga dawa hapo hapo palipokatwa, akashona. Bonareri akatoka na bandeji kubwa. Nikamwuliza, inauma? Akasema, "Inauma vile haipo." Sijaelewa. Lakini ni kama nimeelewa.

Sasa shida. Tata alikuwa kwa benchi nje ya chumba cha Daktari. Baba yetu, mzee Abner, mzee wa kanisa hapa Sironga, Msabato tangu tumboni. Tata anajua ile nyama ilitokana na waya. Seng'enge ya ng'ombe. Ndivyo Bonareri alimwambia uvimbe ulipoanza: nilipita chini ya seng'enge ikanishika sikio. Tata akaamini. Wiki hiyo hiyo aling'oa seng'enge yote peke yake, akapanda ua wa saiprasi, ndio mtoto wa mtu mwingine asikatwe. Saiprasi haijakua. Ng'ombe wameingia kwa mahindi ya jirani yetu Onyancha mara tatu. Kila mara Tata anaenda kuomba msamaha, anarudi akisema afadhali mahindi kuliko sikio.

Hakukuwa na waya. Ilikuwa mimi.

Jumatatu, 7 Julai

Acha niandike yote mara moja, itoke.

Desemba 2022. Tata na Mama walikuwa wameenda matanga Nyansiongo. Bonareri alitaka tu kujua vile hereni inakaa. Hata si ya kuvaa kanisani — kwetu hakuna hereni, hakuna mkufu, hata pete ya ndoa watu wanakuangalia. Alitaka ajione kwa kioo siku moja, basi. Nikasema mimi najua, nimeona video. Sindano ya kushonea, nikaichoma na kiberiti. Barafu. Uzi mweupe. Nikaanza na masikio yangu ndio asiogope. Mawili yangu, mawili yake. Sindano moja, siku moja.

Yangu yakafunga kimya. Lake la kulia likafunga kimya. La kushoto likatoa usaha. Nikapaka dawa ya meno, ati inakausha. Baada ya miezi kama minne ikaanza punje. Nikasoma mahali kwamba kitunguu saumu kinayeyusha. Nikamfunga kitunguu na plasta kutoka asubuhi mpaka jioni, ngozi ikaungua. Ni baada ya hapo ndio ilikua haraka.

Kwa hivyo ni nini? Sindano? Uzi? Usaha? Dawa ya meno? Kitunguu? Simu ikiharibika unatoa kitu kimoja kimoja, unajaribu, unajua. Sikio huwezi kufungua skrubu.

Na mbona si mimi? Damu moja, nyumba moja, ugali mmoja.

Jumatano, 9 Julai

Nimesoma simu mpaka chaji imeisha mara mbili. Mmoja anasema usikate kamwe. Mwingine anasema kata halafu dunga. Mwingine anagandisha na hewa baridi. Mwingine anachoma na miale, lakini hiyo ni Nairobi au Eldoret. Mwingine anauza mafuta kwa picha za masikio ya watu ambao hata si watu wamoja, nimeangalia vizuri, sikio la kwanza lina doa na la pili halina. Nikamwandikia. Amenifungia.

Shangazi Bathsheba amekuja kutoka Nyansiongo na maziwa ya Bonareri. Yeye ana keloidi kifuani, tangu tetekuwanga ya utotoni. Imekatwa mara tatu na watu watatu. Akafungua kifungo kimoja akatuonyesha — ni kama kaa ameshika kifua, miguu yote. Nikamwuliza, baada ya kukata walikudunga? Walikupa kitu cha kubana? Akasema, "Walinipa panadol na pole."

Halafu akamwambia Bonareri, "Hiyo nyama ina masikio, mwanangu. Usiitaje sana."

Mama akacheka mpaka akamwaga chai. Bonareri hakucheka.

Jumatatu, 14 Julai

Nyuzi zimetolewa. Tata alikuwa na mkutano wa majani chai, nikaenda na Bonareri mimi. Sikio limebaki na mstari mwembamba tu. Nilitaka kupiga kelele mle ndani!

Daktari akanizima. Anasema kukata ni nusu ya kazi, labda hata robo. Kukata peke yake ni kama kufyeka bila kung'oa mizizi — mara nyingi inarudi, na ikirudi inarudi na hasira. Kwa hivyo: sindano ya dawa kila baada ya wiki sita hivi. Jeli ya silikoni asubuhi na jioni. Na klipu. Ya kubana ndewe ya sikio mbele na nyuma, damu isijae pale, ngozi ikose nafasi ya kujenga. Saa kumi na sita kwa siku, si chini. Miezi sita, pengine zaidi. Anaweza kugawa saa, usiku na mchana, lakini zitimie. Na ikianza kuwasha aje mbio, kuwasha ndiyo dalili ya kwanza.

Akauliza, "Mlitoboa wapi?" Bonareri akasema, "Nyumbani." Daktari akaandika. Hakuuliza ni nani. Mimi nikaangalia picha ya mapafu kwa ukuta.

Nikamwuliza mbona mwingine apate na mwingine akose, na sindano ni moja. Akasema ngozi zingine zimezaliwa hivyo, na inaweza kupita kwa familia. Kwenu kuna mwingine? Nikasema shangazi. Akatikisa kichwa: "Basi hata wewe usijaribu. Kukosa mara moja si kukosa kila mara."

Sijajaribu, nikasema. Sijui mbona nimesema hivyo.

Klipu aliyokuwa nayo ni moja tu, ya mviringo, rangi ya dhahabu, na kakioo katikati. Tumefika nayo nyumbani. Tata akaishika kwa vidole viwili kama mtu ameokota panya. "Hii ni hereni."

"Ni dawa, Tata. Haina hata tundu."

"Mimi nimeona ni dawa. Watu wataona ni hereni. Mguu wa mzee wa kanisa unaangaliwa, na sikio la binti yake je?"

Hakukasirika. Hiyo ndiyo mbaya. Akaiweka juu ya redio, akaenda kukama ng'ombe.

Nimemwambia Bonareri nitamtengenezea nyingine. Isiyong'aa. Isiyofanana na kitu chochote.

Jumatano, 16 Julai

Sumaku! Spika za simu zina sumaku ndogo kali sana. Nimetoa mbili, moja mbele ya sikio, moja nyuma, zinashikana zenyewe. Hakuna waya, hakuna kioo. Nimezifunika na plasta ya rangi ya ngozi. Huwezi kuona kitu. Mimi ni fundi!

Jioni. Si fundi. Bonareri amerudi kazini sikio limekuwa jeupe katikati na zambarau pembeni, na mstari wa mshono umetoa maji. Akasema alifikiri kuuma ndiko kufanya kazi.

Nilituma picha kwa Daktari kwa wasapu. Amejibu saa hiyo hiyo: TOA. Herufi kubwa. Halafu akaandika kwamba kubana si kunyonga. Rangi ikibadilika, ngozi inakufa, na kidonda kipya ni keloidi mpya. Siku nne bila kitu chochote, jeraha likauke.

Mara ya tatu sasa. Dawa ya meno, kitunguu, sumaku. Kila mara nikiwa na haraka ya kumsaidia.

Jumapili, 20 Julai

Jaribio la pili. Nimekata vipande viwili vya mviringo kutoka kifuniko cha kahawia cha chupa ya dawa. Katikati nimeweka springi ya kibanio cha nguo, lakini nimeilegeza kidogo kidogo na koleo nikijaribu kwa sikio langu, saa nzima, kabla ya kuligusa lake. Ndani nimeweka kipande cha kava ya simu, maana kava ni silikoni na jeli ni silikoni. Nimechemsha kila kitu.

Daktari ameona picha akacheka kwa sauti, amenitumia sauti yenyewe. "Silikoni ya kava si dawa, Persis. Hiyo ni godoro tu. Lakini godoro zuri, iache." Akaniambia namna ya kupima: ikikaa nusu saa, itoe, uangalie ngozi. Ikiwa rangi ni ya sikio, sawa.

Nusu saa. Nimetoa. Rangi ya sikio.

Bonareri amejiangalia kwa kioo muda mrefu. Akasema inafanana na kibanio cha nguo. Nikamwambia ni kibanio cha nguo. Tumecheka mpaka Mama akatugongea ukuta.

Tata ameigeuza mkononi. "Hii sawa," akasema. "Hii hakuna mwenye atatamani."

Nimechora mstari kwa kalenda ya ukutani. Saa za kuvaa kila siku. Leo: nusu saa. Kesho tunaanza kumi na sita.

Ijumaa, 25 Julai

Kumi na saba. Kumi na sita. Kumi na nane. Kumi na saba.

Halafu mazoezi ya kwaya. Makambi ni mwezi ujao, wiki nzima uwanjani, makanisa yote, na Bonareri ndiye anaanzisha nyimbo nne. Mwalimu Sylvanus wa kwaya ametoa sheria: nywele nyuma, hakuna wigi, hakuna kitambaa. Kwa hivyo sikio liko nje.

Sylvanus akasimamisha wimbo. "Bonareri, umesahau kuanua nguo?"

Kwaya yote ikaanguka kwa kicheko. Lakini baadaye kwa choo kukawa na maneno mengine. Ati siku hizi hereni haihitaji tundu. Ati ya mtoto wa mzee inaitwa dawa, ya mtoto wa maskini inaitwa dhambi. Bonareri amenisimulia akiwa amegeukia ukuta.

Leo: kumi na moja.

Jumapili, 3 Agosti

Nimetoka kanisani sasa hivi.

Kumbe lile neno limefika kwa baraza la kanisa. Sikuitwa, mimi nilikuwa nyuma ya pazia natengeneza amplifaya ya makambi, wamenizoea huko, wananisahau. Mzee Nyamongo ndiye mkubwa wa wazee, ndiye alikuwa anaongoza. Mambo ya hema. Mambo ya vyoo. Halafu akakohoa akasema kuna jambo la sikio.

Mama mmoja akasema tukifungua huu mlango, leo ni klipu ya dawa, kesho itakuwa mkufu wa kutibu shingo. Mwingine akasema mtoto ni mgonjwa, mwacheni. Nyamongo akageuka. "Mzee Abner. Hiki kitu kina dhahabu?"

"Kina kibanio cha nguo," Tata akasema. Watu wakacheka kidogo.

"Na kidonda kilitoka wapi? Maana wengine wanasema masikio yalitobolewa. Kama alitoboa kwa urembo, hiyo tutaongea vingine. Atakaa chini kwa adhabu, kwaya na klipu vyote aviache. Kama ni ajali, ni ajali."

Tata akasimama. Nilisikia kiti kikisogea. Akasema, "Ni waya yangu. Niliacha seng'enge imelegea miaka mingi. Kosa ni langu, si la mtoto. Kama kuna mtu wa kukaa chini, nikae mimi."

Skrubu ikaniponyoka ikaingia ndani ya amplifaya. Imekatalia huko.

Wamekubali. Avae mpaka Daktari aseme. Itatangazwa Sabato.

Nilipaswa kufurahi. Nimefurahi? Sikio limepona kwa uongo na litaendelea kupona kwa uongo, na aliyeapa ni mtu pekee nyumbani ambaye hajawahi kudanganya hata mwizi.

Sabato, 9 Agosti

Imetangazwa. "Dada yetu anavaa kifaa cha matibabu kutokana na jeraha la ajali." Watu wote wakageuka kumwangalia sikio. Mwenye hakuwa amejua, sasa anajua.

Leo: tisa tu. Amesema kunawasha. Nikamwuliza, klipu inawasha au sikio linawasha? Akasema sijui, Persis, sijui, niache.

Hata mimi sijui.

Jumatano, 13 Agosti

Makambi. Niko kwa mitambo ya sauti, Bonareri analala hema la kwaya. Ameimba leo, watu wamelia. Sauti yake ni kitu kingine.

Hana klipu. Nimemwona kutoka mbali na mkono wake ukaenda juu, vile vile vya zamani.

Nilimfuata kwa bomba la maji. "Tangu lini?"

"Jumapili."

"Siku nne, Bonareri! Na wamekukubalia!"

"Wamekubali wazee. Wasichana wa hema hawajakubali. Wanaomba nikiwa ndani, ati Bwana atulinde na visingizio." Akajaza ndoo. "Na mimi najua wanasema ukweli. Kila nikivaa nasikia Tata akisema ni waya yangu."

Nimebeba ndoo.

Jumatatu, 18 Agosti

Tumerudi nyumbani. Amevaa tena tangu jana. Nimebonyeza mstari wa mshono na kidole: kuna kitu. Kama kamba nyembamba chini ya ngozi. Inaweza kuwa kovu la kawaida, kovu hukauka. Au ndiyo hiyo. Kidole changu hakijui tofauti. Kesho ni siku ya sindano. Ilikuwa Ijumaa tukaisogeza kwa sababu ya makambi.

Tata amesema ataenda naye mwenyewe. Anataka kumshukuru Daktari. Amechagua ndizi.

Jumanne, 19 Agosti

Nilienda pia. Sikuweza kubaki.

Daktari akapokea ndizi, akafurahi. Akashika sikio, akashika tena. "Imeanza kuwa ngumu hapa. Klipu ilikaa nje?" Bonareri akasema siku saba. Daktari akasema bado ni mapema, tunaweza kuishika, lakini hizo saa si za kuchezea. Ikifika ukubwa ule wa kwanza, kukata mara ya pili ni vigumu, ndewe haina nyama ya kutosha. Akadunga. Bonareri alifinya mkono wangu mpaka vidole vikafa.

Halafu Daktari akamgeukia Tata, kwa upole, kama mtu anayemshauri mzazi mwema. "Na mzee, usaidie kuwaambia hawa wasichana. Asitoboe tena mahali popote, hata hilo lingine. Kutoboa ndiko kulileta haya yote. Na huyu mdogo pia, maana iko kwa familia."

Tata akasema, "Kutoboa."

"Ndiyo."

"Aha," Tata akasema. "Asante, Daktari."

Kutoka Kisii mpaka nyumbani alibeba kikapu kitupu cha ndizi kwa magoti.

Alhamisi, 21 Agosti

Aliuliza jana jioni, baada ya chakula, tukiwa wote. Hakuinua sauti. "Bonareri, nani alikutoboa?"

Nilifungua mdomo. Bonareri akanikanyaga mguu chini ya meza, kwa kisigino. Akasema, "Duka moja Kisii, Tata. La urembo. Zamani."

"Uko na jina lake?"

"Nimesahau. Naweza kulijua nikiliona."

Akafikiri. Nilidhani atamkemea. Akasema, "Basi Jumatatu tutaenda unionyeshe. Si kwa vita. Nataka kuwaambia vile wanafanyia watoto wa watu, waache, au wajifunze vizuri. Halafu nitaenda kwa mzee Nyamongo nimwambie niliapa kitu ambacho si kweli."

Ni Tata huyo. Ukimpa waya anang'oa waya. Ukimpa duka anaenda dukani.

Sabato, 23 Agosti

Nimemwambia Mama leo tukirudi kanisani. Sikuweza tena. Nikasema Mama, hakuna duka.

Hakuacha hata kutembea. "Mimi nimezaa hayo masikio yote manne. Unadhani siyajui? Nilipata uzi wenye damu chini ya godoro lenu nikifua."

"Na ukanyamaza?"

"Nilingoja mseme. Halafu akang'oa seng'enge, nikaona sasa nikisema nitamwaibisha na ng'ombe tayari wako barabarani." Akatembea kidogo. "Sasa mimi pia niko ndani yake. Usiniulize ufanye nini."

Kwa hivyo tuko watatu, na yeye mmoja.

Leo klipu: kumi na sita. Bado inawasha, lakini kidogo. Kidogo kuliko jana, au nataka tu iwe kidogo.

Jumapili, 24 Agosti

Nimepiga hesabu kila njia.

Nikinyamaza: Tata anaingia duka la mtu asiyejua kitu, anamhubiria mbele ya wateja. Halafu bado anaenda kwa Nyamongo. Uongo wa pili juu ya wa kwanza.

Nikisema: anaenda kwa Nyamongo na ukweli. Baraza linasema ni urembo, akae chini, klipu itoke. Watu wanne au watano watapiga kura juu ya saa kumi na sita za sikio. Na ile kamba chini ya ngozi haingoji kura.

Kuna njia ya tatu? Avae nyumbani peke yake, usiku na alfajiri, saa kumi na sita zitimie bila mtu kuona? Anafanya kazi dukani kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na mbili. Hazitimii. Nimejaribu mara nne kwa karatasi.

Jumatatu, 25 Agosti

Saa moja na nusu asubuhi. Tata amevaa koti la Sabato siku ya kazi. Amekaa kwa benchi nje, anapaka viatu rangi.

Bonareri jikoni, kwa sauti ya chini: "Tutaingia lolote. Nitasema ni hili."

"Na mwenye duka?"

"Kwani Tata atamuua? Atamwombea."

"Bonareri."

"Basi sema wewe! Sema, waje waitoe, halafu uniangalie ikiota." Akaishika klipu. "Imeanza, Persis. Unajua imeanza. Wewe ndiye umebonyeza."

Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni. Halafu miguu ikatoka yenyewe.

Tata akasema bila kuangalia, "Mwambie dada yako jua linapanda."

Nikasema, "Tata, hakuna duka. Hakukuwa na waya. Ni mimi. Nilitoboa yangu na yake, mkiwa matanga Nyansiongo."

Brashi ikasimama. Akamaliza kiatu kile alichokuwa nacho, akakiweka chini sambamba na kingine. Akavaa. Akafunga kamba. Akaifungua, akaifunga tena.

"Sindano uliichemsha?"

"Niliichoma na kiberiti."

"Aha."

Hiyo tu. Akasimama, akavaa kofia. Hakwenda upande wa stage ya matatu. Ameshuka na njia ya chini, ya kwa mzee Nyamongo.

Saa mbili na robo. Bonareri hajaenda kazini. Ametoa klipu ameiweka mezani, karibu na hii daftari. Anasema afadhali wakute sikio tupu, aitoe mwenyewe kuliko atolewe. Nimeangalia kalenda. Usiku alivaa saa tisa. Nimeipangusa klipu na maji moto, nikamwambia geuka. Hakugeuka. Nikangoja na kitu mkononi. Mama alikuwa mlangoni.

Akageuka.

Nimeivalisha. Saa mbili na dakika ishirini na tano, naandika hapa kwa sababu kalenda iko upande ule wa mlango.

Watu wawili wanapanda. Koti la Tata na fimbo ya Nyamongo. Hawaongei, au wanaongea polepole, kutoka hapa sioni midomo. Mama ametoa vikombe vya wageni. Ametoa vinne, akafikiria, akaongeza kimoja.

Tata anaita kutoka nje. Hajamwita Bonareri. Ameniita mimi.

Bonareri ameshika sikio. "Nitoe?"

Nimemwambia bado zimebaki saa saba.